Kupandisha Ubuntu 22.04 hadi 24.04: Mwongozo kwa Anayetegemea Bando na Umeme wa Kukatika

Hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, ninakofanyia kazi ya kompyuta, maswali wanayoniletea watu kuhusu kupandisha toleo la Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, ni yaleyale: je, faili zangu zitafutika, zinahitajika GB ngapi za bando, je, ninaweza kuruka toleo moja, na umeme ukikatika katikati itakuwaje? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, na kila ninapomjibu mmoja, mwingine wa Tukuyu au wa Makambako hupiga simu akiwa na kompyuta iliyokwisha kukwama. Kwa sababu hiyo nimeona ni afadhali kuyaandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu unahusu safari moja tu, yaani kutoka Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, kwenda 24.04, iliyotoka tarehe 25 Aprili 2024. Namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake. Matoleo ya Aprili ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili huishi miezi 9 tu, lakini yale ya Aprili ya 2022, 2024 na kadhalika hutunzwa kwa miaka 5, na ndiyo yanayoitwa LTS. Kutoka LTS moja huwezi kuruka ya katikati: aliye na 20.04 sharti apite 22.04 kwanza, na huko ni kufanya kazi nzima mara mbili.

Kabla hujaendelea, jiulize kama una sababu ya kupandisha sasa. Toleo la 22.04 bado linapokea marekebisho ya usalama hadi mwaka 2027, hivyo mwalimu anayejaza alama za mtihani wiki hii, au mhasibu wa chama cha akiba anayesubiri wakaguzi, hapotezi chochote akingoja mwezi mmoja. Tahadhari ni kwa wanaotumia Lubuntu au Xubuntu, ndugu wepesi wa Ubuntu, ambao LTS zao hutunzwa kwa miaka 3 pekee. Kwao toleo la 22.04 lilifikia mwisho wake Aprili 2025, na hawana sababu ya kungoja.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Kijana mmoja alipandisha kompyuta ya mtumba yenye GB 2 tu, kazi ikaisha salama, lakini kivinjari kilichukua muda mrefu kufunguka hata akadhani kimeharibika. Kwa kompyuta ya namna hiyo, sakinisha Lubuntu 24.04 upya badala ya kupandisha Ubuntu yenyewe.

Nafasi ya wazi ya GB 15 hivi kwenye diski. Itazame kwa amri ya `df -h` kwenye teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ukisoma mstari unaoishia na alama ya `/` peke yake. Kama kuna mstari wa `/boot` (sehemu ya faili za kuwashia kompyuta), usome nao pia, kwa kuwa huo ndio unaojaa mapema kuliko watu wanavyodhani.

Diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya kazi zako, pamoja na flashi ya GB 8 yenye Ubuntu 24.04 ya kuwashia kompyuta. Flashi hii ina kazi mbili, ya majaribio na ya uokoaji, kwa hiyo usiiache hata kama fundi fulani amekuambia haihitajiki.

Bando la kutosha. Katika kompyuta nilizopandisha mimi, upakuaji ulikuwa kati ya GB 1.5 na GB 3 kulingana na wingi wa programu, na juu yake Firefox na Thunderbird huongeza mamia kadhaa ya megabaiti kwa kuwa siku hizi huja kwa mfumo wa snap, ambao programu hubeba ndani yake kila inachohitaji. Ukiwa na GB 6 utafanya kazi bila wasiwasi.

Umeme wa uhakika kwa saa 3. Kwa kompyuta ya mezani maana yake ni UPS, kifaa chenye betri ya akiba. Kwa kompyuta mpakato maana yake ni betri iliyo hai kweli, siyo betri inayodai asilimia 80 kisha inazima baada ya dakika 10. Ipime siku moja kabla: chomoa chaja, cheza video kwa dakika 40, uone kilichobaki.

Hatua kwa hatua

1. Jaribu toleo jipya bila kuligusa la zamani. Washa kompyuta kwa flashi, uchague kujaribu badala ya kusakinisha, kisha hakikisha kwamba Wi-Fi inashika, sauti inatoka, kibodi na kipanya vinaitikia na kwamba kompyuta ikilala huamka. Kama kadi yako ya Wi-Fi haionekani hapa, huenda isionekane baada ya kupandisha pia, na ni heri kulijua hilo ukiwa bado na mfumo unaofanya kazi.

2. Nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Upandishaji haufuti folda yako ya nyumbani, ila umeme na diski chakavu havikuahidi lolote. Fungua folda ya nyumbani, ubonyeze Ctrl na H ili folda zilizofichwa zionekane, kisha nakili kila kitu. Watu wengi hunakili nyaraka na picha wakasahau `.thunderbird`, ambamo barua pepe zote zimo, na `.ssh`, ambamo funguo za kuingilia seva zimo. Fungua faili mbili tatu kutoka kwenye diski ya nje uhakikishe zinasomeka.

3. Andika ulichokiongeza mwenyewe. Vyanzo vya programu vya watu wa nje, vinavyojulikana kama PPA, huzimwa wakati wa kupandisha, na usipoviandika utashangaa baada ya mwezi kwa nini programu fulani haijasasishwa. Orodha yake utaipata hivi:

`ls /etc/apt/sources.list.d/`

Ikiwa unaandika programu kwa Python, ingia katika kila mazingira pepe uliyoyatengeneza, uhifadhi orodha ya maktaba kwa `pip freeze > orodha.txt`. Toleo la 22.04 linatumia Python 3.10 na la 24.04 linatumia 3.12, kwa hiyo mazingira ya zamani hayatafanya kazi, utayatengeneza upya.

4. Sasisha 22.04 yenyewe hadi mwisho. Fungua teminali na utoe amri hizi moja baada ya nyingine:

`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade`
`sudo apt autoremove --purge`

Unapoandika nenosiri baada ya `sudo`, hakuna herufi wala nyota itakayoonekana kwenye skrini. Kibodi haijaharibika. Andika tu na ubonyeze Enter. (Nimewahi kupigiwa simu saa nne usiku kwa jambo hili.) Amri ya tatu huondoa kerneli (kiini cha mfumo) za zamani na kuipa `/boot` nafasi. Baada ya hapo toa `apt-mark showhold`. Ikitaja kifurushi chochote cha programu, kiachilie kwa `sudo apt-mark unhold` ukifuatisha jina lake, kwa kuwa vifurushi vilivyoshikiliwa huzuia upandishaji. Kisha zima na uwashe kompyuta, hata kama haijakuomba.

5. Hakikisha kompyuta inatafuta LTS. Toa `cat /etc/update-manager/release-upgrades`, na mstari wa mwisho usomeke `Prompt=lts`. Ukisomeka `never`, ubadilishe kwa `sudo nano` ukifuatisha jina la faili hiyo.

6. Zuia kompyuta isilale. Katika mipangilio ya umeme, zima kulala na kujifunga kwa skrini. Kompyuta mpakato usifunike kifuniko chake.

7. Chagua saa yako, kisha anza. Wakati wa masika huku kwetu, ngurumo hupenda kuja alasiri, hivyo mimi huanza saa mbili asubuhi. Wanaotegemea bando la usiku wanaweza kuanza usiku, kwa sharti moja nitakalolieleza katika hatua ya 9. Amri ni hii:

`sudo do-release-upgrade`

Usiongeze `-d` mwishoni hata kama umeona mtu ameiandika mahali, maana herufi hiyo huomba toleo ambalo bado liko jikoni. LTS mpya hutolewa kwa watumiaji wa LTS ya zamani baada tu ya toleo lake la kwanza la marekebisho. Kwa 24.04 hilo lilikuja mwishoni mwa Agosti 2024, na hata hivyo, mapema Septemba mwaka huohuo, upandishaji ulisimamishwa kwa muda kwa sababu ya hitilafu katika programu ya kupandishia.

8. Soma muhtasari kabla ya kukubali. Programu itakuambia vyanzo vya nje vimezimwa, kisha itahesabu na kukuonyesha vifurushi vingapi vitaondolewa, vingapi vitaongezwa, na ukubwa wa upakuaji. Hapa ndipo mlango wa mwisho wa kutokea bila gharama. Bonyeza `d` usome orodha ya vinavyoondolewa. Ukiona programu unayoitegemea kwa riziki imo, bonyeza `q` kutoka kwenye orodha, kisha jibu `N`. Hakuna kitakachokuwa kimebadilika.

9. Elewa tofauti ya kupakua na kusakinisha. Wakati wa kupakua, hata mtandao ukikatika au umeme ukazimika, hakuna madhara: utatoa tena amri ileile, na vilivyokwisha kupakuliwa havipakuliwi upya. Mwalimu mmoja wa Tukuyu alikatikiwa na mtandao mara nne usiku mmoja kwa sababu ya mvua, akaamini kompyuta imekufa, kumbe ilikuwa ikimsubiri arudie amri. Kusakinisha ni jambo jingine. Upakuaji unapokamilika, usakinishaji huanza wenyewe bila kukuuliza, na kuanzia hapo kompyuta haipaswi kuzimwa kwa sababu yoyote. Kwa hiyo aliyeanza usiku asilale. Wala usizime data ukidhani kazi ya mtandao imekwisha, kwa kuwa vifurushi vya snap huvutwa katikati ya usakinishaji, na vikikosa mtandao, hatua nzima hukwama.

10. Jibu maswali bila pupa. Mara kadhaa programu itauliza kama ibadilishe faili ya mipangilio uliyowahi kuihariri. `Y` huweka mpya, `N` hubakiza yako, na `D` huonyesha tofauti. Kama hujui faili hiyo ni ya nini, basi yaelekea hukuihariri kwa mkono, na `Y` inafaa. Kama ni faili ya seva uliyoipanga mwenyewe, chagua `N`. Swali la kuwasha upya huduma mbalimbali, likubali. Kwa kompyuta yenye SSD kazi hii hunichukua chini ya saa moja, kwa diski ya kuzunguka huenda hadi saa mbili na zaidi, na kuna nyakati mstari husimama dakika 10 bila kusogea. Taa ya diski ikiwaka, subiri.

11. Ondoa yaliyopitwa na wakati na uwashe upya. Swali la mwisho huhusu vifurushi visivyohitajika tena. Mimi humshauri anayeanza ajibu `N`, aende akaitumie kompyuta wiki moja, kisha atoe `sudo apt autoremove` akiwa ameridhika. Baada ya kuwaka, hakikisha kwa `lsb_release -a`.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kosa kubwa, linalozidi mengine yote kwa mbali, ni kuanza kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Nimelifanya mwenyewe. Ilikuwa Uyole, katika ofisi ndogo ya rafiki yangu, mvua ikinyesha na mimi nikijiambia kwamba nimebakiza robo saa tu. Umeme ulikatika, na uliporudi kompyuta iliwaka hadi kwenye skrini nyeusi yenye kialama kinachopepesa. Niliiokoa kwa njia iliyoelezwa chini, lakini ilinigharimu mchana mzima na bando la pili. Tangu siku hiyo hubeba UPS yangu mwenyewe kwenye daladala, na abiria hunitazama.

Kosa la pili ni kuhariri faili za vyanzo kwa mkono, ukibadilisha jina `jammy` (la 22.04) kuwa `noble` (la 24.04), kisha kutoa `apt full-upgrade`. Njia hiyo ni ya Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake. Kwa Ubuntu, programu ya kupandishia hufanya marekebisho mengi ambayo `apt` peke yake haiyajui, hasa katika 24.04 ambamo mamia ya maktaba yalibadilishwa majina kwa kuongezewa `t64`.

Kosa la tatu ni kupandisha kompyuta zote kwa pamoja. Maabara ya shule yenye kompyuta 20 ianze na moja, itumike wiki mbili, ndipo nyingine zifuate.

Mambo yakienda mrama

Inasema hakuna toleo jipya. Rudi hatua ya 4 na ya 5. Mara nyingi kuna sasisho lililobaki, au kompyuta haikuwashwa upya.

Umeme ulikatika wakati wa kusakinisha. Washa kompyuta huku ukishikilia Shift, au ukigusa Esc kama ni kompyuta ya kisasa zaidi, hadi menyu ya GRUB, ya kuchagua mfumo wa kuwasha, itokee. Ingia mstari wa pili, uchague kerneli iliyo na maneno recovery mode, kisha uchague root. Hapo toa amri hizi:

`mount -o remount,rw /`
`dpkg --configure -a`
`apt --fix-broken install`
`apt full-upgrade`

Amri ya pili ndiyo hufanya kazi kubwa, kwani humalizia kila kifurushi kilichoachwa nusu. Kama mbili za mwisho zinahitaji mtandao, unganisha waya wa mtandao na uchague network kwenye menyu ileile kabla ya root. Kisha andika `reboot`.

Skrini ni nyeusi ingawa umeme haukukatika. Mara nyingi ni kadi ya picha ya NVIDIA. Kwenye GRUB bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza `nomodeset` mwishoni mwake, na ubonyeze F10. Ukishaingia, toa `sudo ubuntu-drivers install` na uwashe upya.

Wi-Fi imepotea. Unganisha simu kwa waya wa USB, shirikisha data yake, kisha toa amri hiyohiyo ya `ubuntu-drivers`. Kama haitoshi, jaribu kuwasha kompyuta kwa kerneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB ili ujue kama tatizo ni kerneli au ni kiendeshi, yaani programu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi.

Printa haichapishi. Mama mmoja mwenye steshenari karibu na Kabwe alinipigia asubuhi ya kwanza baada ya kupandisha, foleni ya wateja wa vyeti ikiwa mlangoni, akaniuliza, "Fundi, kumbe na printa nayo ina toleo lake?" Ndiyo, mama, kwa namna fulani inalo. Kiendeshi kilichosakinishwa kwa faili ya `.deb` kutoka kwa mtengenezaji kinaweza kuondolewa au kutokubaliana na mfumo mpya. Ifute printa kwenye mipangilio, izime na kuiwasha, uiongeze upya. Printa nyingi zisizo za zamani sana hutambuliwa bila kiendeshi chochote. Ikishindikana, tafuta kiendeshi kipya cha mtengenezaji. Mwenye biashara ya kuchapisha asipandishe kompyuta zake zote mbili wiki moja.

Barua pepe hazionekani Thunderbird. Thunderbird ya 24.04 ni snap na hutunza barua mahali papya. Kwa kawaida huzihamisha yenyewe inapofunguliwa mara ya kwanza, lakini kama haikufanya hivyo, ifunge, ondoa folda tupu iliyoko ndani ya `~/snap/thunderbird/common/`, na unakili hapo folda ya `.thunderbird` uliyoihifadhi katika hatua ya 2.

`pip install` inakataa ikitaja `externally-managed-environment`. Wanafunzi wa chuo huniletea hili kuliko jingine lolote. Mfumo unakuzuia kuchanganya maktaba zako na zake. Usilazimishe kwa `--break-system-packages`, kwani jina lake linasema ukweli. Sakinisha `python3-venv`, tengeneza mazingira kwa `python3 -m venv mradi`, yaingie kwa `source mradi/bin/activate`, kisha `pip install -r orodha.txt`.

Programu za AppImage (zinazoendeshwa kwa faili moja bila kusakinishwa) hazifunguki. Sakinisha `libfuse2t64`. Baadhi zitaendelea kugoma kwa sababu 24.04 imeongeza vizuizi vya usalama kupitia AppArmor, na kwa hizo ni bora kutafuta programu ileile kwa `.deb` kuliko kuvizima vizuizi.

Unapandisha seva ukiwa mbali. Programu itafungua mlango wa akiba namba 1022 wa SSH (njia ya kuingilia seva kutoka mbali), kwa hiyo uruhusu mlango huo kwenye ukuta wa moto kabla ya kuanza. Mtandao ukikukatikia, ingia tena na utoe `sudo screen -r`, utaikuta kazi ikiendelea.

Ikiwa hakuna lililosaidia, washa kompyuta kwa flashi, nakili chochote ambacho hukukihifadhi, na usakinishe 24.04 upya. Ukipendelea kumpelekea fundi, nakili kwanza kwenye flashi nyingine folda ya `/var/log/dist-upgrade/` uende nayo, kwa maana humo mna kumbukumbu ya kila kilichotokea hadi mahali ilipokwama, na fundi atakayekataa kuisoma, chukua kompyuta yako uondoke.